Anaponyamaza

Kwenye bajaji ya kutoka Majengo, mzee muuza vitambaa alimfungulia mama muuza karanga kiboksi kidogo. Mimi katikati yao nilijifanya naangalia barabara.

"Kifaa hiki kanitengenezea daktari wa meno. Nikilala nakivaa, kinasogeza taya la chini mbele, sikoromi."

Mama alikichungulia kama anayekagua karanga mbovu. "Mzee wangu, kukoroma nako kumekuwa ugonjwa? Baba Meshack anakoroma mpaka mbuzi wanaamka."

"Halafu ghafla ananyamaza?"

"Ananyamaza."

"Hapo pumzi imekatika, mama."

Mama alikichukua kile kiboksi mkononi. "Hapo ndipo huwa namshukuru Mungu, nami nikapata usingizi."

Bajaji ikasimama Nzuguni, alikosema mama kuwa anashuka. Dereva alimwita mara mbili. Bado alikuwa ameking'ang'ania kiboksi cha watu.