Kiondo Huanza Kitakoni

Vuteni viti mkae karibu, kwa maana sauti yangu leo haina nguvu ya kumfuata mtu mlangoni. Kiragu, wewe mkubwa, kaa hapa. Rosaline, kando ya kaka yako. Kim, zima hiyo simu. Anayekutafuta atakupata nikishakufa. Ivy, mjukuu wangu, panda kitandani uketi hapa miguuni pangu, na mama yako akikukonyeza ushuke, usimwone. Na wewe mkwe wangu Nasimiyu, mama mkwe wa Rosaline, uliyetoka Bungoma na baridi yote hii, usisimame kama mgeni. Lako lipo pia.

Mimi Nyaguthii, mjane wa Gachanja, nimezeekea katika shamba hili la Kitale na nasema haya nikiwa na akili zangu. Kiragu atachukua upande wa juu hadi barabarani, Kim achukue upande wa chini hadi mtoni, na vyumba vya Tuwan ni vya Rosaline, ingawa ameolewa, na wewe Kiragu usinikunjie uso, kwa maana kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyokuvisha sare ya shule. Ng'ombe mtagawana wenyewe, na mkigombana juu ya ng'ombe mtakuwa mmegombana juu ya kitu kinachokufa.

Hayo ndiyo mliyokuja kusikia. Naona mabega yameshuka. Sasa sikilizeni yale niliyokuja mimi kusema.

Umebaki ule mstari wa makonge uani, na ghala la zamani la mahindi ambamo nilikuwa nikiwakalisha kila likizo ya Agosti mkiwa watoto, mvua inapiga bati, ninyi mnasokota uzi wa mkonge pajani mpaka paja linawasha, mnatengeneza wanasesere wa maganda ya mahindi, mnagombania magunzi. Najua Kim ameshayang'oa makonge hayo akilini. Nilikuona dirishani, mwanangu, ukipima kwa miguu mahali pa kujenga vyumba vya kupangisha, na mimi bado napumua.

Kumhukumu mtu ni kazi nzito, nami nimeikwepa maisha yangu yote, kwa sababu kila nikimtazama mtu kwa muda mrefu naanza kuziona sababu zake. Hata zenu naziona: kazi, safari, karo, uchovu. Kwa hiyo siwahukumu. Nawadharau tu, na dharau haihitaji mashahidi.

Nakudharau wewe, Kiragu, fundi wa magari ya waya uliyekuwa ukikata magurudumu kutoka kwa patipati zangu za mpira kabla hazijazeeka. Krismasi iliyopita mwanao aliletewa gari la plastiki linalojiendesha lenyewe. Mtoto akakaa kitako akalitazama likizunguka, hana la kufanya, kama mzee anayetazama mvua. Betri ilipoisha akakuletea amelibeba kama mgonjwa. "Baba, imekufa." Nawe ukamwambia utanunua jingine. Waya ulikuwa pale pale uani, Kiragu. Niliiona mikono yako ikiuangalia waya ule, maana mikono nayo hukumbuka, kisha ukaitia mfukoni upesi kana kwamba wageni wangekucheka.

Lakini wewe Rosaline, dharau yangu kwako ina tarehe. Ni siku ya wazazi shuleni kwa Ivy, huko Bungoma, uliponialika nije nione ulivyofanikiwa. Mwalimu alikuwa amewapa watoto kazi ya kutengeneza kitu nyumbani pamoja na mzazi. Pamoja, alisema, mama na mtoto. Nawe binti yangu, uliyekulia ghalani mwangu, ukaenda soko la Ndalu ukanunua kiondo, ukampa mtoto akibebe mbele za watu. Mkapigiwa makofi. Kikapitishwa kwa wageni, kikafika mapajani mwangu.

Kilikuwa changu. Nilikisuka hapa hapa, nikampa jirani yangu Peris aniuzie Ndalu. Ulikuwa umesimama mbele ya kazi ya mama yako ukasema ni yako, na hukuitambua. Hilo ningelimeza. Nilipiga makofi na wenzangu, kwa ajili ya mtoto.

Kisha mwalimu, mtu mzuri asiye na nia mbaya, akamuuliza Ivy, "Haya tuambie, kiondo kinaanzia wapi?" Mtoto akakitazama juu na chini, akagusa pale alipozoea kukishika. "Inaanza kwa mkanda, mwalimu." Ukumbi mzima ukacheka. Na wewe ukacheka nao, Rosaline. Ukamgeukia jirani yako ukasema, "Ati mkanda! Huyu mtoto ataniua, bana." Nilikuwa nyuma yako. Nilimwona mtoto akikutafuta kwa macho katika kicheko kile, akakupata, na ulikuwa ukicheka.

Usilie. Huu si wakati wako wa kulia, ni wakati wangu wa kufa.

Jioni ile tulilala kwa Nasimiyu. Wote mnajua mimi na huyu mama hatujapendana. Kwenye harusi ya Rosaline nilimpa kiondo chekundu na cheusi, kazi ya msimu mzima, na nilipokuja kumsalimia nikakuta ameatamisha kuku humo. Kuku wa kienyeji, ndani ya kiondo changu, juu ya mayai! Akaniambia bila aibu, "Mama Kiragu, kapu yako imenisaidia sana, kuku imeipenda." Nilirudi Kitale nikamtangaza kwa kila mtu hadi Suam kuwa hajui maana ya zawadi.

Sasa jioni hiyo nikakiona tena kile kiondo, jikoni kwake. Bado kuku yumo, labda mjukuu wa yule wa kwanza. Ila kilikuwa kimetobolewa na kuzibwa, kimetobolewa na kuzibwa, kwa nyuzi za mgomba, mishono mingine imelala, mingine imesimama, kazi mbovu kabisa. Nikauliza ni nani aliyeniharibia hivi. Akasema, "Watoto wa hapa. Ikipasuka nawapatia wanashona. Si ni yao?" Kisha akamwita Ivy, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango tangu tutoke shuleni, akampa uzi wa mgomba, akamkalisha karibu na moto. Hakumwambia pole. Alimwambia, "Hapa kuna shimo."

Nimewapa viondo ninyi nyote. Cha Kiragu kimefungwa kabatini. Cha Rosaline kimetundikwa ukutani juu ya televisheni, kina vumbi. Katika vyote nilivyosuka, kimoja tu kilikuwa na alama za mikono ya watoto, nacho kilikuwa kwa mtu niliyemsema vibaya. Msidhani sasa nampenda. Uji wake una mabonge hadi leo. Lakini neno hili nalisema mbele yenu wote ili hata mkitaka kulipindisha mshindwe.

Makonge yale na ghala lile hayana mrithi. Ufunguo nampa Nasimiyu. Ndiyo, Kim, Mbukusu wa Bungoma atashika ufunguo katika shamba la Gachanja, funga mdomo inzi wasiingie. Kila Agosti atalifungua ghala, nanyi mtakuja na watoto wenu. Msiwatume na dereva. Mje wenyewe, mkae chini, mchafuke, mkosee mbele yao. Waya upo, maganda yapo, mkonge upo. Atakayeng'oa makonge sitamlaani, laana ni ya watu wenye hasira. Nitamdharau tu huko niliko, naye atajua.

Ngojeni. Maji kidogo. Asante, Kiragu.

Chini ya mto huu kuna kitako cha kiondo nilichokianza. Vidole vimekataa kuendelea. Kabla hamjanizika, kila mmoja wenu asuke mzunguko mmoja, mtoto akiwa kando yake. Hata kikipinda. Na msije mkanizika nacho, nawajua mnavyopenda kuzika kitu kizuri. Mkikimaliza mpeni Nasimiyu, akitie kuku.

Mungu awape mikono isiyo na haraka. Awape watoto watakaowachoka kabla ninyi hamjawachoka. Baba yenu... nitamwambia mmekuja wote.

Ivy, kitoe. Mpe mama yako uzi. Mwonyeshe panapoanzia. Hapo... hapo katikati. La, Nasimiyu, usimsaidie, mwache mtoto. Rosaline, umekosea. Mwambie, Ivy, amekosea. Usicheke.

Fumua, mama. Anza tena. Mimi... nipo, natazama.