Mama Ndimu Alikuwa Mtu wa Baa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza: wasifu huu umeandikwa mara mbili. Wa kwanza ulipita mikononi mwa kaka mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye akaifuta aya nzima ya kazi na kuandika juu yake, "Alikuwa mtumishi wa hoteli." Huu mnaousikia ni wa pili. Mdogo wake marehemu, fundi cherehani, aliupeleka kwa mchapaji bila kumwonyesha mtu. Aliuandika kwa hasira na anausoma kwa hasira, kwa sababu dada yake alimwachia agizo moja tu, na kuna watu walitaka lizikwe pamoja naye.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Ndimu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yao alikuwa fundi wa mabehewa na mama yao alishona sare. Mama alipenda kusimulia kwamba mkunga alifika amelowa mvua chapachapa, akamkuta mtoto ameshatoka zamani, analia kama mtu mwenye madai.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1985. Somo lake lilikuwa sayansi kimu. Siku wakaguzi walipotembelea shule alikamua ndimu kwenye chupa, akatia sukari, akatia magadi, kisha akashindilia kizibo kwa nguvu zake zote ili mapovu yasitoroke. Chupa ikawekwa mbele ya mwalimu mkuu. Kizibo kiligonga dari, na mwalimu mkuu akalowa kuanzia miwani hadi tai. Marehemu alipewa adhabu ya kufagia uwanja, na alifagia huku akimweleza mwenzake kwamba kosa lilikuwa moja tu: mapovu hutiwa mwisho.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika hoteli iliyokuwa karibu na stesheni, kwanza kuosha glasi, kisha kaunta. Hapa ndipo kalamu ya kaka mkubwa ilipofanya kazi yake. Basi isemwe kwa sauti: marehemu alikuwa mtu wa baa. Alichanganya vinywaji mpaka alipostaafu mwaka 2019. Aliwafundisha kazi vijana wengi, na baadhi yao wamesimama hapa wakiwa na mashati meupe waliyokwenda nayo kazini usiku wa jana. Mteja aliyelewa hakumwongezea glasi hata akitukanwa. Alimwitia teksi na kumfunga vifungo vya koti. Kazi hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba ya wazazi wao, na kaka mkubwa alilala chini ya mabati hayo bila kulalamika.

Mwaka 1993 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, ambaye yupo hapa. Bwana huyu aliitwa hotelini kutengeneza mashine ya barafu. Akarudi tena, na tena, mpaka meneja akauliza mashine ina ugonjwa gani usiopona. Mashine ilikuwa nzima. Walijaliwa watoto wawili, na katika nyumba yao barafu haikuwahi kukosekana.

Kinywaji kilichompa jina hakikutoka hotelini. Alikibuni nyumbani, Jumapili jioni, kwenye meza ya jikoni. Alikamua ndimu na chungwa papo hapo, kamwe si juisi ya jana. Alichemsha sukari na maji kidogo, akatumbukiza ganda la chungwa lililomenywa jembamba, bila ile nyama nyeupe yenye uchungu. Mnanaa na mrehani aliviweka kiganjani, akavipiga kofi moja, akanusa mkono wake kabla ya kuvitia kwenye glasi. Kisha barafu, kisha mvinyo mweupe wa mapovu, ukimiminwa taratibu ubavuni mwa glasi. Kwa wasiotumia kilevi alimimina maji ya soda, na glasi zao alizipamba vizuri kuliko za wengine, ili asiwepo mtu wa kujiona mgeni.

Sasa lisemwe lile ambalo ukoo huu umelifumbia macho. Desemba 2016 kaka mkubwa aliozesha binti yake. Huyuhuyu ambaye alikuwa amekataa kukanyaga kwa dada yake kwa miaka mingi, eti nyumba ya mtu wa baa, alimpigia simu awaandalie wageni kinywaji chake. Marehemu alifurahi kama mtoto. Alinunua blauzi mpya. Alipofika aliambiwa apitie mlango wa jikoni, na jikoni ndimo alimobaki. Wageni walisifu, wakarudia glasi, kaka mkubwa naye akarudia. Mkwe wake akauliza, "Nani kaandaa kitu kizuri namna hii?"

"Ah, tumewaita watu wa hoteli," akajibu.

Dada yake alikuwa nyuma ya mlango, mikono imejaa mnanaa. Mdogo wake alikuwa kando yake, akataka kutoka akaseme. Marehemu akamshika gauni.

"Tulia, mama. Usiharibu harusi ya mtoto."

Harusi haikuharibika. Blauzi ile haionekani kwenye picha hata moja.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Daktari alieleza mbele ya familia nzima kwamba ni ugonjwa wa kurithi, na ndio uliomchukua baba yao mwaka 1999. Na baba yao hakuwahi hata kunusa bia. Pamoja na hayo, tangu msiba huu uanze watu wananong'ona kwenye viti vya nyuma kwamba pombe ndiyo imemuua. Wanaonong'ona wanajijua. Marehemu alionja kwa ncha ya kijiko, kama kazi ilivyotaka, na nyumbani alijimiminia glasi moja ya Jumapili. Wamwache.

Alipokatazwa kunywa maji ila kwa kipimo, alinyonya kipande cha barafu na kuendelea kutoa amri kitandani. Jumapili moja ya Aprili mwaka huu alimtaka mdogo wake awaandalie wageni kinywaji pale chumbani, yeye akitazama.

"Unakoroga nini, rangi ya ukuta?"

"Si nachanganya, dada?"

"Unayaua mapovu. Inua kijiko mara moja kutoka chini, basi. Na huo mnanaa umekukosea nini mpaka unautwanga? Upige kofi tu."

"Kofi ningekupiga wewe."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama kaka amesema anakuja. Kaka alikuwa ametuma ujumbe kwamba mzigo wa saruji umefika. Marehemu akasema, "Mkinizika, msinifiche jikoni tena. Semeni nilikuwa mtu wa baa na kazi yangu niliijua." Hilo ndilo agizo lenyewe.

Alifariki dunia nyumbani kwake, Jumapili tarehe 2 Juni 2024 asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Kaka mkubwa alifika mchana, akakaa kwenye kochi la dada yake kwa mara ya kwanza, na neno lake la kwanza likawa kuhusu programu ya mazishi.

"Andika hoteli, yatosha. Kutakuwa na watu wa heshima."

"Na yeye alikuwa mtu wa nini?" mdogo wake akamuuliza. Kaka akatoa kalamu yake.

Marehemu ameacha mume, binti, ambaye ni muuguzi, mwana, ambaye ni dereva wa malori, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, na wanafunzi wake wa kaunta, ambao mumewe ameomba wahesabiwe kuwa watoto. Ameacha pia kaka mkubwa, aliyetaka atajwe wa kwanza.

Mama Ndimu apumzike kwa amani. Wewe kaka, usiende kupumzika kwanza. Kaburi bado liko wazi. Sogea hapa mbele, useme dada yako alikuwa nani.