Santuri ya Baba

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu aliketi msichana aliyekumbatia kasha la fidla, na kando yake fundi saa, aliyekwisha kujitambulisha bila kuulizwa. Msichana alikuwa anakwenda kwenye usaili wa okestra. Angepiga sehemu ya mwisho ya konseto maarufu ya fidla na okestra ya karne ya kumi na tisa, aliyojifunza kwa kufuata santuri ya marehemu baba yake.

"Inachukua dakika ngapi?" fundi aliuliza.

"Nane na nusu. Jalada la santuri linasema tisa, lakini majalada hukosea, mzee."

"Jalada halina mota, binti. Mashine yenu ya kuchezea santuri inakimbia."

"Ingekimbia, sauti ingepanda. Mbona fidla yangu inalingana nayo?"

"Nyuzi unazikaza kwa kufuata nini?"

"Santuri," msichana alijibu.

"Basi wewe na santuri mmepotea njia moja, ndiyo maana hamkugombana. Leo utakutana na piano, nayo haikukazwa kwa kufuata mashine yenu."

"Nyuzi nitazilegeza. Mwendo siubadilishi. Baba aliupenda hivi."

"Baba yako alipenda mota."

"Na mpigaji mwenyewe wa kwenye santuri, unajua alitaka mwendo gani?"

"Najua alitumia dakika tisa."

"Kutumia si kutaka, mzee."

Fundi hakuwa na chombo cha kupimia hilo, wala mimi. Basi liliposimama, msichana alishuka, akafungua kasha kwenye benchi la kituo na kuanza kulegeza uzi wa kwanza. Mguu wake ulikuwa ukipiga mwendo. Fundi alitoa saa aupime, lakini dereva akaondoa basi.