Mashine ya Mwihaki

Benchi liliegemea kibanda cha fundi redio, pale watu wa mtaa wa Pioneer wanapokata kona kwenda mjini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na moshi wa jiko la kahawa ulikataa kupanda. Thuo alikuwa amerudi kukaa na wenzake kwa mara ya kwanza tangu wamzike binti yake kule makaburini Kiplombe. Mwihaki alizaliwa kabla miezi haijatimia, akapasuliwa tumbo, akavumilia. Wadi ilikuwa na mashine moja tu ya kuangalia moyo: vibandiko kifuani, waya, na kioo chenye mstari wa kijani unaopanda na kushuka. Alipoonekana amepata nafuu, sista aliihamishia kwa mtoto mwingine aliyetoka kupasuliwa. Kesho yake Mwihaki akafariki. Thuo alikuwa amemwomba Mungu amwondolee swali moja, na bado alikuwa nalo: wangemwachia ile mashine, angekuwa hai?

— Kunywa bana, itapoa, alisema Wanyama, fundi mwenyewe, ambaye wote walimwita Transista.

— Nakunywa.

— Hujagusa. Na wacha nikwambie, hiyo mashine naielewa. Ni redio tu. Roho ni stesheni, vile vibandiko ni eriali. Haidungi, haikati. Inasikiliza.

— Kusikiliza! alisema Macharia, aliyeitwa Bunge kwa sababu hakuna jambo aliloliacha lipite bila mjadala. — Redio ya mama yangu umeisikiliza tangu Krismasi na bado imenyamaza.

— Hiyo imekosa spea. Usichanganye mambo.

— Kitu kinakula stima lazima kitoe kitu. Pasi inatoa joto, balbu inatoa mwanga. Hiyo inapelekea roho nguvu, polepole. Ukiitoa ghafla kwa mtoto mdogo vile, roho inashtuka.

Thuo aliinamia kikombe chake. Naye alikuwa amewaza hivyo hivyo.

— Na mapigo yake si yalikuwa yameingia kwa kile kioo? Bunge aliendelea. Hakuwa mtu mbaya. Akishaanza tu hakujua pa kusimama. — Yalibaki humo. Huyo mwingine akafungiwa waya hizo hizo. Anatumia ya Mwihaki.

— Bunge, wacha, alisema Transista.

— Niwache nini?

Mtu mwenye beji ya chama tawala alikuwa akipita na mwavuli. Bunge alingoja apotelee kwenye kona, kisha akashusha sauti.

— Na huyo mtoto ni wa nani? Si wa mtu kama sisi. Nchi hii kitu hakihamishwi bure.

Thuo alisikia kifua chake kikitulia, akaogopa utulivu huo. Asubuhi alikuwa amesali Baba Yetu mpaka pale pa kusamehe, akashindwa kuendelea. Sasa alikuwa amepewa mtu wa kuchukia.

— Hamjambo wazee. Namtafuta Baba Mwihaki.

Alikuwa mama mwembamba, amevaa viatu vya plastiki, leso imemgandia mabegani kwa mvua.

— Ni mimi.

— Naitwa Leonida. Natoka Timboroa, bwana yangu anapakia mbao huko. Mtoto wangu ndiye... Akakosa pa kuweka macho. — Ndiye alipewa ile mashine.

Bunge alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Pole sana, baba. Singekuja. Lakini mashine inalia. Mtoto anasahau kupumua, mstari unalegea, inalia, sista anakuja mbio, mtoto anarudi. Sasa sista ni mmoja na watoto wamejaa. Leo alichelewa kidogo, mtoto akawa rangi ya majivu. Dada yangu amebaki naye. Sista anasema wenu pia alikuwa hivyo, na mlikuwa mnamrudisha kabla yeye hajafika. Nauliza tu. Ikilia, mlikuwa mnafanya nini?

Bunge alitazama matope.

Wababa hawakuruhusiwa kupita mlango wa wadi. Thuo alikuwa akimtazama Mwihaki kupitia dirisha, na kila mara aliona mgongo wa Nduta mkewe, ameinama, mikono yake ikifanya kitu asichokiona. Basi ile mashine haikuwa ikitoa kitu. Ilikuwa ikimwita Nduta. Na siku ile ya mwisho hakuna kilichomwita.

Tangu mazishi hakuwa amemwuliza mkewe neno moja.

— Mimi sijui, alisema. — Twende nyumbani. Mwenye kujua yuko huko.

Nduta alikuwa ameketi karibu na mlango, hashoni, hapiki. Thuo alibaki kizingitini.

— Mama Mwihaki, huyu ndiye mama wa yule mtoto. Anataka kujua ulikuwa unafanya nini mashine ikilia.

Nduta alimtazama mgeni. Thuo alidhani atamfukuza. Kisha akamsogezea kiti, naye mwenyewe akapiga magoti sakafuni mbele yake.

— Toa kiatu, alisema. — Nikuonyeshe pa kumsugua mtoto.