Ngozi Haikurogwa

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana, naye asifiwe. Mimi si msemaji, nitaeleza yaliyotokea tu.

Kabla ya kuokoka nilikuwa mpiga ngoma wa bendi ya dansi hapa Tabora. Tulikuwa na seti ya ngoma za kizungu iliyoachwa na bwana mmoja wa reli aliporudi kwao Uingereza. Mbili kati ya hizo huitwa tomu, na ngozi zake hukazwa kwa skrubu zilizozunguka ukingo. Mimi nilizijua ngoma za baba yangu kule Ntalikwa: ikilegea, unaipasha moto. Basi nikawa nakaza skrubu moja baada ya nyingine kwa kuzunguka, kisha naiweka tomu karibu na jiko la mkaa. Inalia vizuri nyimbo mbili, ya tatu inalia kama debe. Masika yote ilikuwa hivyo, watu wakanicheka, na siku moja ngozi ikapasuka hapo jikoni.

Ndugu zangu, mjinga hajilaumu. Nilikwenda kwa mganga, akasema ninarogwa na mtu tuliyenyonya ziwa moja. Nina kaka mmoja tu, Yohana, naye aliwahi kuitaka kazi ile. Nikaamini. Nikamkataza asikanyage kwangu. Mkewe akajifungua, sikwenda. Mwaka wa pili mtoto akafa kwa surua, sikwenda kuzika. Siku ile ya mazishi nilikuwa nyumbani nakaza skrubu.

Tulipopata ngozi mpya nilimwomba Mzee Samweli, kiongozi wa matarumbeta ya kanisa hili, anishikie nikiivalisha. Akanitazama kidogo.

"Mbona unazifuatanisha hivyo?"

"Ndivyo zinavyokazwa, Mzee."

"Nani kakwambia?"

Akazilegeza zote. Akakaza moja, akavuka akakaza inayoielekea, kidogo kidogo, huku akigonga kwa kidole karibu na kila skrubu mpaka zote zikatoa sauti moja. "Na moto uache," akasema. "Huo ndio unaoiua ngozi yako."

Jumamosi ile tomu ililia sawa mpaka watu wakaenda makwao. Wenzangu walifurahi. Mimi niliona aibu, kwa sababu hakuna aliyeniroga. Kesho yake nilitubu kwenye benchi lile la nyuma, nikatoka kwa miguu kwenda Ntalikwa kwa Yohana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umefika."

Akanipeleka kaburini. Nikamwuliza mtoto aliitwa nani, maana sikujua. Akanitajia jina langu.

"Tulidhani ukisikia utakuja kumwona," akasema.

Namshukuru Mungu, kaka alinisamehe, na leo ameketi pale mbele. Ndugu zangu, kama yuko nduguyo unayemshuku, mwamini Yesu, kisha umwendee leo hii. Mimi jina la mwanangu nililisikia kaburini.