Bi Ndoo Anastaafu, na Radhi Bado Hajaombwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Ndoo anavua aproni yake ya mpira baada ya miaka thelathini na moja ya kuhudumia matangi ya samaki majumbani kwa wateja wetu. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike maneno machache ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila naandika nikiwa nimekunja uso, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni na mwenyewe hatalisema.

Alianza hapa dukani kama mfagizi. Fundi wa matangi wa wakati huo alimkuta akimfokea kibarua aliyekuwa akimimina maji ya bomba moja kwa moja juu ya samaki, akaona hasira za namna hiyo zisipotee bure. Akampa ndoo. Tangu hapo haikumtoka mkononi, na jina lililo kwenye kitambulisho chake likasahaulika.

Kwa wasiojua: maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Sisi tunayanywa na kushukuru. Samaki yanamchoma matamvua anayopumulia. Kwa hiyo Bi Ndoo alijaza pipa mapema, akatia dawa ya kuvunja klorini, akaacha pampu ya hewa ikitoa mapovu, akapima uchachu, kisha akalinganisha joto la pipa na la tangi, kwanza kwa kipimajoto, halafu kwa kiwiko, kama anayetaka kuogesha mtoto mchanga. Tangi lenyewe nalo alilipima: anachota maji kwenye kichupa, anadondosha dawa, anatikisa, anasubiri rangi. Rangi ikimkataa, mwenye nyumba alikuwa na kesi ya kujibu. Yupo bwana aliyefua chujio la tangi kwa sabuni ya unga, ambayo ni sumu kwa samaki. Alisemwa mpaka mkewe akamwombea msamaha. Ipo familia iliyowanunulia samaki maji ya chupa ikidhani ndiyo mapenzi, bila hata kuyapima. Nao walipewa zao. Na wote hao waliendelea kumwita yeye, hawakutaka mwingine.

Sasa nije kwenye langu.

Miaka michache iliyopita alikuwa akihudumia tangi la mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliyepooza upande mmoja na kupoteza usemi. Mzee aliishi na binti yake na mume wa binti huyo. Kiti chake kilikuwa sebuleni, mbele ya tangi lenye samaki mmoja mkubwa wa rangi ya chungwa. Samaki yule alimjua. Mzee akigusa kioo, anakuja; akisogeza kidole, anafuata. Bi Ndoo alikuwa akituambia hayo ndiyo mazungumzo pekee ya mle ndani ambayo mzee hakuachwa nyuma.

Binti akapata kazi ya muda mji mwingine, mkwe akabaki na nyumba. Akaitaka kona ya tangi kwa ajili ya televisheni mpya. Siku ya zamu, Bi Ndoo akiwa amepiga magoti na mpira wa kunyonyea maji mkononi, mkwe alisimama juu yake na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba leo asijisumbue na mapipa. Amwage yote, ajaze ya bomba, samaki afe, mzee aambiwe ni uzee. Aliyasema hayo mzee akiwa amekaa palepale, kana kwamba ni kabati.

Bi Ndoo akainuka. "Baba mkwe wako hana mwingine wa kuzungumza naye humu ndani," alimwambia, "nawe unataka mimi ndiye nimuue?"

Kabla hajafika ofisini, simu ya mkwe ilikuwa imeshafika: ametukanwa nyumbani kwake. Meneja wetu hakutaka kusikia upande wa pili. Alimwondoa kwenye kazi za majumbani, akamleta kwangu stoo apange maboksi ya chakula cha samaki, na kwenye kikao cha asubuhi akamtaja mbele ya wote kama mfano wa utovu wa adabu. Mwanamke aliyewafundisha kazi nusu ya waliokuwa mle chumbani! Niliposimama kupinga, niliambiwa mtu wa stoo hahusiki.

Yeye alichouliza ni kimoja tu: nani anampimia maji yule mzee? Hakuna. Mkwe alikuwa amekata huduma. Bi Ndoo alipiga simu nyumbani kule, akakatiwa.

Binti aliporudi likizo alikuta maji meupe kama yaliyooshea mchele, samaki amepandisha mdomo juu anatafuta hewa, na baba yake anakataa chakula. Mumewe akamwambia yule mama wa maji aliacha kazi kwa jeuri yake. Basi akaja dukani amewaka, akapita kaunta hadi stoo, akamshushia Bi Ndoo yote: kwamba alimwamini kama dada, naye kamtupa baba yake. Nilifungua mdomo kumtetea, Bi Ndoo akanizuia kwa mkono. Aliuliza tu samaki anapumuaje. Kisha akabeba kisanduku chake cha vipimo, akatoka bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kipimo cha amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, kiligeuka kijani kizito. Angebadilisha maji yote kwa mkupuo, samaki angekufa kwa mshtuko. Akaandaa pipa, akatoa kidogo, akarudisha kidogo. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Ni katika kwenda na kurudi huko binti alimuuliza hasa kwa nini aliondoka. Kabla hajajibu, mzee aliinua mkono wake mzima, akamnyooshea kidole mkwewe aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akakielekeza kwenye bomba la jikoni. Akarudia. Ndipo Bi Ndoo akaeleza yote.

Mambo ya ndani ya nyumba ile si ya jarida hili. Itoshe kusema televisheni haikuingia kwenye kona ile, samaki alishuka chini akaogelea, na mzee akaomba uji kwa ishara.

Binti alikuja mwenyewe kwa meneja, na Bi Ndoo akarudishwa kwenye kazi za majumbani. Alirudishwa kimyakimya, kama mtu anavyorudisha kiti alichoazima kwa jirani. Alidhalilishwa mbele ya watu. Hakusafishwa mbele ya watu. Hadi leo.

Dada, asante kwa kila pipa na kila tangi uliloliacha likiwa na uhai. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, uzeeke taratibu, ulale bila simu za wateja. Ijumaa meneja atashika kipaza sauti, na huenda akasema linalopaswa kusemwa. Asiposema, beba hili letu sisi wa stoo: ulikosewa, na tunakuomba radhi.