Mkeka wa Mgeni

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia, maana mlikuwa mmeshughulika na ubishi. Nimewasikia tangu niko uani. Huyu anasema kazi ni uyaya kwa Wazungu, kuna mshahara wa mwezi. Yule anasema heri vitumbua, hela kidogo lakini ya kila asubuhi. Mwingine kamtaja dada yake anayesomea uuguzi, basi mkazidi kupandisha sauti. Mwenyekiti wetu wa chama kanifuata, kaniambia, "Simama wewe useme, maana umezionja kazi mbili." Haya, nimesimama. Magoti yangu hayajapenda, kwa hiyo msinikatize.

Mie nilikuwa yaya kule Uzunguni. Ulikuwa wakati wa vita vyao Wazungu, khanga inatafutwa kama dawa, sukari ukiipata unaificha chini ya kitanda. Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Meli ikija anapata, isipokuja anakaa barazani anakuna kichwa. Mie nalipwa kila mwisho wa mwezi, meli iwepo isiwepo, tena mshahara wangu ulimzidi wake. Hapa Temeke mtaa mzima ulijua. Wanaume wenzie wakimchokoza, anawajibu, "Mke wangu ana mshahara, mie nina usingizi wangu." Na kweli, jamani. Mtu yule alikuwa anarudi kachoka, mabega yamechubuka kwa magunia, lakini anaimba zile nyimbo zao za kubebea mizigo. Mie sikuwahi kurudi naimba. Kwanza nilikuwa sirudi.

Yaya analala kwa mwajiri wake, hilo mnalijua. Mtoto akishtuka usiku, anayeitwa ni wewe. Nilikuwa na chumba changu uani kwa memsahibu, yule mama wa Kizungu, na ruhusa ilikuwa Jumapili. Binti yangu nilimwacha kwa mama yangu, papa hapa. Nikifika Jumapili, mama anatoa mkeka wa wageni, ule unaosimamishwa nyuma ya mlango, ananitandikia nikae. Jioni nikiondoka unakunjwa, unarudi nyuma ya mlango. Sikuona ubaya. Nilikuwa naleta sukari, naleta sabuni ya kunukia, nani angeona ubaya?

Na msidhani niliichukia kazi ile. Nilimpenda yule mtoto wa Kizungu. Jino lake la kwanza nililiona mie kabla ya mama yake mzazi. La binti yangu niliambiwa.

Basi homa ikamchukua mume wangu. Siku ngapi aliumwa, sitaki hata kuzikumbuka. Nikaingia eda. Memsahibu alikuwa kanipa ruhusa ya wiki moja, nimzike mume wangu nirudi. Nikamtuma mpishi wa pale, mzee wa heshima zake, Mwislamu mwenzetu, amweleze kwamba kwa sheria yetu mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Akarudi na jibu. Alisimama nje ya dirisha, kanigeuzia mgongo asije akaniona, anaongea na mnazi. Memsahibu anakupa pole, lakini mtoto hawezi kungoja, itabidi atafute mwingine.

Mume nimepoteza, kazi nimepoteza, na wiki haijaisha. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Chakula kikiletwa nakitazama tu, kinaondolewa. Mama yangu alinivumilia kiasi chake, halafu siku moja akaingia na mzigo wa ukindu akautupa mbele yangu, puu.

"Mgeni siku mbili," akasema, "ya tatu mpe jembe. Jembe huwezi kutoka nalo nje. Haya, suka."

Nikasuka. Na sasa sikieni ujinga wangu. Mjane hapaki hina, hatii wanja, nguo za rangi hazivai. Nami nikajiambia, basi hata ukindu nisiutie rangi, isije ikawa dhambi. Nikasuka ukili, ile mikanda ya kuunganishia mkeka, mweupe mtupu, nikaunganisha mikeka myeupe pe, nikaipanga konani. Binti yangu kutwa yuko ubavuni, ananichambulia ukindu, usiku analala nami mkeka mmoja. Siku wanawake walipokuja kunitoa eda, somo wangu akaiona ile mikeka akashika kiuno. "Bibi wee! Eda ilikuwa yako wewe. Ukindu huu nao umefiwa na nani?"

Chumba kizima kikacheka, mpaka mie. Lakini sokoni sikucheka. Bibi harusi anataka wekundu na kijani, anataka na maneno yamesukwa katikati. Wateja wanaigusa mikeka yangu, wanasema mikono mizuri, wanapita. Nikarudi nayo kichwani kama nilivyoondoka.

Tukala muhogo mkavu, tukala tena muhogo mkavu. Ndipo yule mzee mpishi akaja na baiskeli. Yaya mpya kafukuzwa, mtoto halali, memsahibu anakuita, na mshahara anakuongezea. Mama yangu hakuningoja nijibu. "Nenda," akasema. "Mikeka hailiki."

Nami nikaona kasema kweli. Nikafunga furushi langu.

Binti yangu wakati ule meno ya mbele ndiyo kwanza yamemtoka. Akanitazama nafunga. Akaenda pale tulipolala kipindi chote kile, akaukunja mkeka wetu, akaukunja vizuri, ncha kwa ncha, akausimamisha nyuma ya mlango. Hakulia. Wallahi angelia, ningeondoka. Kilio cha mtoto mie nilikizoea, ndiyo kazi iliyokuwa inanilisha. Akamgeukia bibi yake akamwambia, "Mama, mgeni anaondoka."

Ndugu zangu, mama alikuwa ni bibi yake. Mgeni ni mie niliyemzaa.

Nikakaa chini kwenye sakafu tupu. Nikamwambia mzee mpishi, mwambie memsahibu nashukuru, siji. Na yule mtoto mpondeeni ndizi mbivu jioni, asiposhiba halali. Nikasema hayo nalia, na siwafichi, nililia kwa ajili ya yule mtoto pia. Yeye alikuwa na kosa gani?

Mama yangu alininunia. Hakuwa mbaya, alikuwa na njaa. Nikawa natwanga mpunga wa watu, nalipwa pumba na chenga. Mtaniuliza, ulijuta? Nilijuta. Kila mwisho wa mwezi nilijuta, maana mkono ulishazoea kupokea.

Mpaka akafa mzee mmoja jirani yetu. Enzi hizo kukitokea msiba tunaazima mikeka nyumba hadi nyumba, kila mtu anatoa aliyonayo. Watu wakatandika bila kusoma. Mjane yuko ndani na wenzie, huko nje kaka wa marehemu, mtu mzima na ndevu zake, kakaa analia, na pembeni ya paja lake mkeka umeandikwa "Karibu bwana harusi." Kijana mmoja akausoma kwa sauti. Mnajua kicheko cha msibani, kikikushika hakikuachii. Waombolezaji wakavutana vicheko mpaka yule mzee akanyanyuka akaenda kukaa mchangani. Ilikuwa aibu ya mtaa mzima.

Kesho yake bibi aliyeanzisha chama chetu hiki cha kuzikana, Mungu amlaze pema, akaja kwetu. Hata hodi hakumaliza. "Ile mikeka yako iliyofiwa," akasema, "bado unayo?"

Akaichukua yote. Hawakuwa na hela ya mkupuo, wakanilipa kadiri walivyojaliwa, na unga wakaleta juu yake. Mitaa mingine wakaona, wakataka na wao, mpaka Kinondoni wakanifuata. Tazameni hapo mlipokaa. Ule ulio karibu na mlango ndio mmoja wa ile ya eda. Umechakaa kama mie.

Sasa nyie wabishi, kipi kinalipa? Uyaya. Nasema bila kuficha, mpaka leo mikeka haijawahi kunipa mwezi mmoja uliofika mshahara wa memsahibu. Na yupo mwenzetu humu kajenga nyumba ya bati kwa uyaya, watoto wake wamesoma, wanampenda. Sina neno naye. Lakini mie nikisuka jioni, nimejikuta naimba nyimbo za bandarini, za marehemu. Kwa memsahibu sikuziimba hata mara moja.

Nawashukuru nyie chama, mliokula nami muhogo. Namshukuru mzee mpishi, aliyekuwa anapitisha kibaba cha unga dirishani na mgongo wake kaugeuza vilevile. Namshukuru mama yangu, aliyeninunia lakini sufuria hakunifunikia. Na nyie mabinti, ukiitwa kazi, uliza mshahara, usione haya, kazi si sadaka. Ukishajibiwa, usiondoke. Uliza na utalala wapi.

Binti yangu juzi kaitwa kazi hospitali. Kaja kuniambia, na mie kinywa kishafunguka kumuuliza. Akanicheka. "Nimeshauliza, mama," akasema. "Kila jioni nitarudi. Mkeka wangu usiukunje."